UZI: Chombo kidogo na nyavu za maji matamu (Sabaki, Jilore, Ziwa Kenyatta): tuchague nini, tuboreshe vipi?

KafiNaPondo (mwanzisha uzi)
Assalam aleikum wanajukwaa. Nyuzi nyingi za uvuvi hapa ni za bahari, kwa hiyo naomba tukusanye ujuzi wa maji matamu upande wetu wa Malindi na Lamu. Kikundi cha watu wanne kinataka chombo cha kutegea Ziwa Jilore na sehemu tulivu za mto Sabaki, si kule mlangoni kwenye mawimbi. Kibebe watu wawili, nyavu na ndoo mbili tatu za samaki, kiende kwa pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) au kafi, na wanne waweze kukibeba hadi majini.

Maswali: mtumbwi wa gogo, mbao au faiba? Kuna hori (mtumbwi mdogo) kuukuu la baharini linauzwa bei nafuu, linafaa? Nyavu za macho gani na zifungwe vipi? Na hawa viboko na mamba?

FundiKalafati
Wa aleikum salaam. Naanza na hilo hori, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Chombo kilichoishi chumvini ukikileta kwenye maji matamu, adui yake anabadilika. Baharini adui ni wadudu wanaotoboa mbao. Ziwani hao hawaishi. Lakini chumvi ilikuwa inazuia ukungu unaoozesha mbao, na maji ya mvua na ya ziwa hayazuii kitu. Hori lililokaa sawa miaka Lamu linaweza kuoza kwa misimu michache likituama maji ya mvua ndani. Kabla hujatoa pesa, chukua bisibisi nyembamba upitie sehemu tatu: chini ya mataruma (miti ya ndani inayoshika mbao) pale yanapokalia ubao, maungio ya mkuku (uti wa chini wa chombo) na fashini (mti unaosimama kwenye ncha yake), na vichwa vya mbao upande wa omo (mbele). Sukuma kwa mkono tu, bila nyundo. Ikizama zaidi ya milimita 5, hapo pameoza. Gonga pia kwa mpini: mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa sauti butu.

La pili ni umbo. Hori la bahari lina mkuku na kiuno cha mviringo ili likate wimbi. Kwenye tope la Jilore mkuku huo unachimba, na ukisimama kuvuta wavu linalala upande. Maji matamu pia hubeba kidogo kuliko ya bahari: lita moja ya bahari ni kama kilo 1.025, ya ziwani ni kilo 1. Chombo cha kilo 400 pamoja na mzigo husukuma lita 390 baharini, ziwani lita 400. Tofauti ni ndogo, lakini kama hori lilikuwa tayari linakaa chini, ndiyo ile inayoingiza maji ukingoni.

Jibu langu: liache, isipokuwa unanunua mbao zake.

MbaoZaMpeketoni
Naunga mkono. Kwa kazi uliyoeleza, kaka, tengeneza chombo cha tako bapa. Vipimo vinavyofanya kazi kwa watu wawili:

Urefu mita 4.2. Upana wa sakafu katikati sentimita 80, upana wa juu mita 1.15, kimo cha ubavu sentimita 40. Sakafu ipande kwa mbele kama sentimita 12 ili ipande juu ya magugu badala ya kuyakata, na ipungue hadi sentimita 45 omoni. Nyuma iache pana, maana anayesukuma pondo anasimama huko.

Namna ya kujua kitazama kiasi gani kabla hujakata ubao: tafuta eneo la chombo pale maji yanapofika, kwa mita za mraba, uzidishe kwa 10. Jibu ni kilo zinazokizamisha kwa sentimita moja. Hapa urefu wa majini ni mita 3.8 na wastani wa upana ni 0.7, eneo 2.66, kwa hiyo kilo 26.6 kwa kila sentimita. Chombo kilo 70, watu wawili 140, nyavu mbichi na samaki 60: jumla 270, kitazama sentimita 10 na kidogo. Ukingo unabaki karibu sentimita 30 juu ya maji. Mtu wa tatu anaingia bila hofu, wa nne hapana.

Vifaa: plaiwudi ya milimita 9 vipande 2 kwa sakafu, ya milimita 6 vipande 2 kwa mbavu. Kipande kimoja ni mita 2.44, kwa hiyo lazima uunganishe. Usikutanishe kingo tupu. Randa kila ncha kwa mshazari mrefu mara nane ya unene, yaani milimita 72 kwa plaiwudi ya 9, paka epoksi, bana usiku kucha. Kama fundi wako hajazoea mshazari, weka kibandiko cha plaiwudi ileile cha upana wa sentimita 20 kwa ndani, gundi na parafujo. Si kizuri kwa sura lakini kinashika.

FundiKalafati
Hesabu ni sawa, ila plaiwudi gani? Nyingi zinazouzwa kama za majini ni za ujenzi. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kichemshe saa nzima, kianike kikauke kabisa, kichemshe tena. Tabaka zikiachana au zikivimba pembeni, rudisha dukani. Na kingo ndizo zinazokunywa maji. Paka epoksi kwenye kila ukingo mara tatu kabla ya kuunganisha, hata ndani ya kila tundu la parafujo. Rangi peke yake haitoshi.

Kwa wanaopenda mbao za kawaida: ubao wa inchi moja uliorandwa hadi milimita 19 unafaa. Mbambakofi hudumu sana lakini ni mzito, chombo hiki kitafika karibu kilo 140 na hamtakibeba. Saipresi ni nyepesi na ina ubishi wa wastani kwa kuoza. Mwembe ni laini kuchonga, ndiyo maana mitumbwi mingi ya gogo ni ya mwembe, lakini unaoza upesi ukiachwa na maji ndani.

Mataruma: mkoko ni bora, hakikisha umekatwa kwa kibali.

KafiNaPondo
Shukran sana. Na kalafati (kuziba mianya kati ya mbao) kwenye maji matamu ni ileile ya bahari? Fundi mmoja alishauri tujaze pamba hadi isiingie tena.

FundiKalafati
Hapana, usijaze hivyo. Hapa watu wengi huharibu chombo kizima wakidhani wanakitunza.

Mbao ikiwa kavu imesinyaa, mwanya uko wazi kuliko utakavyokuwa majini. Ukishindilia pamba hadi mwisho, mbao zikinywa maji na kuvimba hazina pa kwenda. Zinasukumana, zinang'oa misumari kwenye mataruma, na baada ya wiki chombo kinavuja kuliko mwanzo. Sokota pamba unene wa kalamu ya risasi, ipake mafuta kidogo, iingize kwa patasi butu na nyundo nyepesi hadi ikae milimita 3 au 4 chini ya uso wa ubao. Sauti ya nyundo itabadilika kutoka ile laini kuwa kavu, hapo acha. Juu yake jaza lami au mastiki inayobaki laini. Simenti na vitu vinavyokauka kama jiwe vitapasuka.

Halafu kizamishe chombo mahali pa maji mafupi siku mbili kabla ya kukipa kazi. Kikivuja siku ya kwanza usikitoe kukigonga tena. Kingoje kivimbe.

Misumari iwe ile ya kuchovywa zinki, si ya kung'arishwa tu. Usichanganye na ya shaba kwenye ubao mmoja: zikigusana ndani ya maji ile ya chuma inaliwa.

RezinNaMkeka
Mwenye uzi ameuliza faiba. Boti ya faiba haiozi, haihitaji kalafati, lakini ikijaa maji inazama, tofauti na mbao. Kwanza niseme kuhusu desturi ya kuvisha mtumbwi wa gogo faiba kwa nje ili kuziba ufa. Msifanye. Rezini ya polista haishiki vizuri kwenye mbao, hasa mbao mbichi au yenye mafuta. Gogo huvimba na kusinyaa, faiba haivimbi. Inaachia, maji yanaingia katikati, na mbao inaoza gizani bila mtu kuona. Ufa wa gogo unazibwa kwa kiraka cha ubao, pamba na mastiki, na vipande vya mbao vya kuushika upande wa ndani.

Ufa wa boti ya faiba ni kazi nyingine. Chukua mfano wa ufa wa sentimita 40 kwenye ukuta wa milimita 5:

Saga kwa grinda kila upande wa ufa kwa mteremko wa mara 12 ya unene, yaani sentimita 6 kila upande. Ukiweka mkeka (wa nyuzi za faiba) juu ya ufa bila mteremko utabanduka ukigonga jiwe la kwanza. Futa vumbi, pangusa kwa asetoni, acha ikauke. Kata mikeka mitano ya gramu 450 kwa mita ya mraba, kila mmoja ukiwa mdogo kidogo kuliko mwingine. Kila mkeka huongeza kama milimita moja. Robo kilo ya rezini inatosha. Kwa joto la Malindi weka hadina (dawa ya kugandisha rezini) asilimia 1, yaani mililita 2.5 kwa hiyo robo kilo. Asilimia 2 ni ya siku za baridi. Hapa itaganda koponi hujamaliza mkeka wa pili, na moto wake hufanya kiraka kiwe kinapasuka. Fanya asubuhi, kivulini. Kila mkeka ugandamizwe kwa rola hadi mapovu meupe yaishe.

Onyo: kama rezini yako haijatiwa kiharakishi na unacho pembeni, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadina. Hulipuka. Kimoja kiingie kwenye rezini na kukorogwa kabisa ndipo cha pili kifuate.

Ukimaliza na uso ukibaki unanata, ni kwa sababu hewa huzuia tabaka la juu kukauka. Rezini ya mwisho iwe na nta, au funika kwa karatasi ya nailoni laini hadi iive.

BintiWaTezi
Kuhusu kuzama: fungeni mitungi mitupu ya lita 20 iliyozibwa vizuri. Mmoja unainua karibu kilo 19. Minane ni kama kilo 150, inatosha kubeba faiba iliyojaa maji na watu wanaoishikilia. Kosa la kawaida ni kuitupa sakafuni. Boti ikijaa maji, mitungi ya chini inaisukuma igeuke juu chini. Ifungwe kwenye mbavu, chini ya mabenchi, karibu na ukingo, minne kila upande, kwa kamba mbili kila mmoja. Na laifujaketi zivaliwe. Zikikalia benchi hazisaidii.

JichoLaMto
Naomba nizungumzie Sabaki yenyewe, maana si ziwa. Mto huu ni uleule Athi, unaungana na Tsavo na kuitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Mvua ya bara inatufikia hapa hata kama Malindi ni jua kali, kwa hiyo maji yanaweza kupanda bila wingu hata moja juu yako. Masika na vuli unabeba magogo na tope jingi. Wavu uliotegwa kukata mkondo wakati huo unakuwa ukuta wa majani, na kamba inakatika au inang'oa mti iliyofungiwa. Tega kwenye vidimbwi vya pembeni na nyuma ya ncha za mchanga, sambamba na ukingo. Sehemu za karibu na mlango maji kujaa hurudisha chumvi, na samaki hubadilika pamoja nayo.

Pondo la mto liwe la mvinje, mita 4 hivi, lililonyooka, limenyolewa magamba na kupakwa mafuta. Ncha ya chini ifungwe kipande cha mbao chenye umbo la V, vidole viwili; pondo lenye ncha tupu huzama topeni na kukuacha ukining'inia nalo huku chombo kinaenda zake.

Viboko: mchana wanalala kwenye kina, usiku wanapanda kula majani. Usiwe kamwe kati ya kiboko na kina chake. Tega saa kumi jioni, toka majini kabla ya magharibi, rudi asubuhi jua likishapanda, si alfajiri. Unapopita penye kona, gonga ubavu wa chombo kwa kafi mara kwa mara wajue uko wapi; anayeshtushwa ndiye anayepindua mitumbwi. Ziwa Kenyatta maji yakipungua wakati wa ukame viboko hubanana kwenye sehemu ndogo, na nafasi ya kupita salama inaisha. Wakati huo chombo kikae nchi kavu.

Mamba: usining'inize samaki kando ya chombo, usipasulie samaki pale mnapopandia. Matumbo yachukuliwe mbali yafukiwe.

MfumaJarife
Sasa nyavu, ndugu zangu. Kwa tilapia, macho ya inchi 3 yaliyovutwa ni pa kuanzia. Chini ya inchi 2½ unavua watoto wasiozaa bado. Ulizeni BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo) ya hapo kipimo kinachoruhusiwa kabla ya kununua. Nyavu za mono (uzi mmoja wa plastiki usiosokotwa) zimepigwa marufuku Kenya, na chandarua vilevile, msidanganywe dukani. Chukua nailoni ya nyuzi nyingi, 210/2 au 210/3 (namba za unene wa uzi, ya pili ni nene zaidi). Ya 210/2 inashika zaidi kwa kuwa ni laini, lakini magugu na mapezi yataichana mapema.

Sehemu inayotofautisha wavu unaovua na usiovua ni ufungaji. Wavu wa mita 100 zilizovutwa ufungie kwenye kamba ya mita 50, yaani nusu. Jicho linakaa kama almasi iliyo wazi. Ukiufunga kwenye mita 70 jicho linafunguka karibu mraba, wavu unakazana, samaki anaugonga na kurudi. Kwa kambare, ambaye hanasi kwa matamvua bali hujifunga kwa miiba yake, shuka hadi mita 40. Ulegevu ndio unaomshika.

Hesabu ya mkono: jicho la inchi 3 ni milimita 76, kwa nusu kila jicho linachukua milimita 38 za kamba. Kusanya macho manne, funga kila sentimita 15. Kata kijiti cha sentimita 15 uwe nacho kama kipimo, usitegemee macho yako. Kimo pia hubadilika: wavu wa macho 26 ni mita 1.98 ukivutwa, lakini ukifungwa kwa nusu unasimama mita 1.7. Wengi hununua kwa kimo cha dukani, kisha wavu haufiki chini.

Kamba ya juu iwe ya polithini ya milimita 4, inaelea yenyewe, nailoni inazama. Iloweshe na uivute kati ya miti miwili usiku mzima kabla ya kufunga, la sivyo itajisokota na wavu wote utakunjana.

Vielea: champali kuukuu, vipande vya sentimita 5 kwa 5 vyenye unene wa 2. Kimoja huinua kama gramu 35 hadi 40. Weka kila mita, vipande 50 ni kama kilo 1.8. Chini weka uzito wa mara moja na nusu ya hapo, ukipimwa ndani ya maji. Hapa ndipo hesabu huharibika: udongo uliochomwa hupoteza karibu nusu ya uzito wake majini, risasi hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo vizito vya udongo vya gramu 110 hadi 120, kimoja kila mita, vitakupa karibu kilo 3 za majini. Napendelea udongo. Risasi ni sumu, na wavu ukipotea inabaki ziwani.

KafiNaPondo
Na mshipi wa ndoana nyingi kwa kambare?

MfumaJarife
Kamba mama milimita 3 au 4, vijikamba vya sentimita 60, nafasi kati yao mita 2. Nafasi ikiwa chini ya mara mbili ya urefu wa kijikamba, samaki wa jirani wanafungana. Namba za ndoana zinatofautiana kwa kila kiwanda, pima uwazi wake: milimita 12 hadi 15. Chambo minyoo ya ardhini, matumbo ya kuku au vipande vya sabuni ya mche. Penye kamongo weka waya sentimita 20 za mwisho, meno yake hukata nailoni. Kambare mshike nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya miiba ya mbavuni. Mchomo wake huvimba.

BintiWaTezi
Mkija kuweka mashine baadaye, hapafai zaidi ya nguvu za farasi 2 hadi 5, mguu mfupi wa sentimita 38. Mchanga wa Sabaki hula raba ya pampu ya maji; mchirizi wa maji nyuma ukidhoofika zima papo hapo, usingoje ipate moto. Na kile kipande cha zinki cha kuliwa na kutu kwenye maji matamu hujifunika ukoko na kuacha kazi. Weka cha magnesi.

KafiNaPondo
Tumeelewana: tako bapa la plaiwudi, nyavu mbili za inchi 3, moja ya kambare. Swali la mwisho, dukani nitajuaje inchi 3 ni inchi 3 kweli? Nimeona zenye alama sawa zikitofautiana.

MfumaJarife
Usipime jicho moja. Lowesha wavu, vuta macho kumi kwa mstari kwa nguvu ya mkono tu, pima kutoka fundo la kwanza hadi la kumi na moja, gawa kwa kumi. Wavu wa inchi 3 utakupa sentimita 76. Ukipata 70, hiyo ni inchi 2¾. Pima sehemu tatu tofauti za mfuko, kwa sababu mafundo yaliyofungwa vibaya huteleza na kufanya upande mmoja uwe na macho madogo. Vuta fundo moja kwa kucha pia. Likisogea, usinunue.

KafiNaPondo
Shukran, wazee. Plaiwudi nitaichemsha kesho.